Bitana ya Mguu wa Kitinda

Jumapili, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mwanangu wa kwanza, pokea salamu zangu mimi mama yako, na marahaba hata kama hujaniamkia, najua huko uliko umeniamkia moyoni. Baba yako anakusalimu. Yuko kibandani kwake anapigilia soli, kikohozi kimempungua ila maneno yamempungua zaidi. Bibi yako anakusalimu, meno yamebaki ya kuchekea tu lakini ulimi bado mkali kama zamani. Mdogo wako Kitinda anakusalimu sana, anasema usisahau rangi za kuchorea ulizomwahidi. Mzee Pipa wa kiwandani anakusalimu, anauliza kama huko chuo cha ngozi wamekufundisha kupika ugali au bado. Hata paka anakusalimu, amezaa tena, na amezalia kwenye kapu la nguo nilizopiga pasi. Sisi wote hatujambo, isipokuwa ule mguu.

Dumu lako la kilainishi cha ngozi limefika salama. Lori lililolileta ndilo la mwisho kuvuka, jioni ile ile daraja likaondoka na maji, na upepo ukaulaza mnara wa simu chini kama mgonjwa. Kwa hiyo nakuandikia huku nyuma ya daftari la Kitinda, kidogo kidogo, mpaka gari la kwanza litakapopita nimpe dereva akuletee. Usicheke mwandiko. Niliacha shule nikiwa bado natafuta jinsi ya kushika kalamu.

Nikuambie jambo lenyewe. Daktari alipopita kabla ya mvua alikitazama kigutu cha mdogo wako akatikisa kichwa. Bitana ya ngozi ndani ya mguu wa bandia imekuwa ngumu kama ubao, imemchimba kidonda. Akiuvaa mguu, bitana inamla. Asipouvaa, anakaa amejikunja na goti linakakamaa. Daktari akasema hivi, namnukuu: "Mama, njia ikifunguka nitarudi. Nikikuta kidonda bado kibichi na goti limekaza, sitakuwa na njia nyingine. Nitakata juu ya goti."

Juu ya goti, mwanangu. Goti lenyewe nililolisugua mafuta alipokuwa anajifunza kutambaa.

Jumanne, tarehe 4

Mvua tangu asubuhi. Nimefurahi. Mtu gani anafurahia mafuriko? Mimi. Mvua ikinyesha daktari hapiti.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nikiwa kazini kumekuwa na vurugu kiwandani. Wanawake wa Bondeni, unakomwagikia mtaro wetu, wamekuja na ndoo ya maji waliyoyachota uani kwao, wakaimwaga mlangoni kwa Tajiri, mwenye kiwanda. Utando wa mafuta ukatanda kwenye sakafu, unanuka samaki aliyekufa mwaka jana. Mmoja, yule mwenye sauti kama tarumbeta, akamwambia: "Haya ndiyo tunayofulia! Nguo za mwanangu zinateleza kama sabuni! Kunywa basi, si ni yako?"

Tajiri hakunywa. Alitoa amri: mpaka mvua iishe, ni marufuku kulainisha ngozi kwa mafuta, na maji ya pipa hayamwagwi mtaroni hata tone. Yatumiwe, yarudiwe, yatumiwe tena.

Mzee Pipa alikasirika. Wewe unamjua, amezeeka akilizungusha lile pipa la mbao na amelainisha ngozi kwa mafuta ya samaki maisha yake yote. Nikamwambia kuna kilainishi chako cha dumuni, hakina mafuta. Akafungua kifuniko, akachungulia.

"Shemeji, haya ni maziwa."

"Siyo maziwa. Ni polima."

"Poli nani?"

Nikamweleza ulivyonieleza wewe, kwamba ni chembe zilizoungana ndefu ndefu kama shanga kwenye uzi, zinaingia kati ya nyuzi za ngozi na kukaa humo humo. Mafuta yanapita tu kama mgeni, jasho likija yanatoka, ngozi inarudi ubao. Ndiyo maana baba yako amebadilisha bitana mara mbili na zote zimekauka. Hizi shanga hazitoki, na maji yanayobaki kwenye pipa ni angavu, safi.

Akanitazama kuanzia utosini. "Binti amesoma, mama ndiye anayetoa mtihani." Vijana wote wakacheka. Nilimchukia, mwanangu. Nasema kweli, nilimchukia kabisa.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua. Kidonda kimetoa maji.

Jumatano, tarehe 12

Leo nakuandikia mabaya, nivumilie.

Leo Tajiri aliniruhusu nitumie lile pipa dogo la majaribio. Nilikuwa na ngozi moja ya mbuzi, imeshaivishwa kwa dawa isije ikaoza, nzuri, baba yako aliinunua kabla ya mvua. Nikaiweka. Karatasi yako ya maelekezo nilikuwa nimeibandika ukutani, nimeisoma mpaka naota. Imeandikwa: ioshe ngozi mpaka ukali wote wa dawa uishe, tia magadi, pima kwa kikaratasi kinachogeuka rangi, ndipo utie maji MAPYA ya vuguvugu, ndipo kilainishi.

Umeandika MAPYA kwa herufi kubwa. Niliona. Sisemi sikuona.

Lakini maji mapya ningeyapata wapi? Pampu inatoa tope. Na ya zamani ningeyamwaga wapi, na Tajiri amesimama pale pale na amri yake? Nikamwuliza Mzee Pipa, akasema, "Maji ni maji, shemeji. Hapa tunarudia maji tangu wewe hujaolewa." Basi nikatia kilainishi kwenye maji yaliyotoka kuivisha ngozi jana. Nikafunga mlango wa pipa, nikawasha.

Halikuzunguka sana nikasikia sauti imebadilika, kitu kinapigapiga ndani kama donge la unga. Nikafungua. Mwanangu, yale maziwa yalikuwa yamekatika. Ukitia ndimu kwenye maziwa, unajua yanavyofanya? Ndivyo hivyo. Mabonge meupe yamegandana juu ya ngozi, yananata kama gundi, na ndani ngozi haikupata kitu. Maji ya jana yalikuwa yamejaa ukali wa dawa ya kuivishia. Umeandika kwenye karatasi, mstari wa tatu kutoka chini: ukali unakikata kilainishi. Niliusoma ule mstari nikadhani unasemea pipa la watu wengine.

Nikakaa chini kwenye maji. Nikakwangua kwa kucha nikidhani labda nitayakusanya niyarudishe dumuni. Kijana mmoja akasema, "Mama, acha, umeshaumia vidole." Ngozi imeharibika na nusu ya dumu imekwisha.

Nilitegemea Mzee Pipa acheke. Hakucheka. Alisimama na kofia mkononi, kisha akaenda nje akasimama kwenye mvua kama ng'ombe.

Nikarudi nyumbani. Kitinda akauliza, "Mama, imekuwa laini?" Nikamwambia bado kidogo. Baba yako alinitazama akajua. Akauchukua ule mguu wa bandia, akaupangusa, akauweka juu ya kabati kama kitu cha mtu aliyesafiri.

Alhamisi, tarehe 13

Sikwenda kazini. Nimelala na nguo.

Jumapili, tarehe 16

Bibi yako ameniamsha kwa fimbo. "Mkwe, ukimaliza kufa utuambie, tukaazime viti." Nikamwambia, mama, niache. Akasema, "Nikuache? Mimi nilimlea mume wako bila godoro wala kitanda. Inuka umfunge mtoto kidonda, mimi macho yangu hayaoni uzi."

Nikainuka kwa hasira. Miaka yote hii nimedhani huyu mama alizaliwa kwa ajili ya kunichoma. Nikamkuta uani amekikalia kigoda, ile ngozi niliyoiharibu iko mapajani mwake. Anaikwangua gundi kwa upande butu wa kisu, polepole, kisha anaikunja juu ya goti lake na kuivuta, anaikunja na kuivuta. Vidole vyake unavijua vilivyopinda. Kitinda ameketi pembeni anamhesabia: moja, mbili, tatu, nne, Bibi umeruka!

"Haitalainika hiyo, mama," nikasema.

"Najua," akasema. "Naizoesha mikono. Ukileta nyingine iikute mikono tayari."

Nilikwenda jikoni nikalilia moshi ambao haukuwepo.

Jumanne, tarehe 18

Jua. Jua kali kabisa, anga kama limefuliwa. Nimeligeuzia mgongo siku nzima. Watu wanasema wanaume wameshapeleka magogo ya daraja. Kila anayetoka njia kuu namwuliza, "Wamefika wapi?" na kila anayejibu natamani ningeziba masikio.

Nikajaribu goti la mdogo wako. Limegoma kunyooka. Alisema, "Haliniumi, Mama." Midomo yake ilikuwa myeupe.

Ijumaa, tarehe 21

Mzee Pipa amekuja nyumbani. Hajawahi kuja. Amebisha hodi kama karani wa kodi, amevua viatu mlangoni, ana kifurushi kwapani.

Akamwambia baba yako, "Mimi ndiye niliyemwambia maji ni maji." Baba yako akasema, "Kaa, mzee." Akakaa. Bibi yako akamtupia, "Umeleta miguu yako tu au na mdomo pia?"

Ndipo akafungua kifurushi. Ngozi ya mwanambuzi, mwanangu, sijawahi kuona iliyoivishwa vizuri vile, haina kovu, haina shimo la kupe. Alikuwa akijiwekea ashonewe viatu atakapostaafu. Akamwekea Kitinda mapajani. "Mimi nikistaafu nitakaa kitandani," akasema. "Viatu vya nini?"

Kitinda akaipapasa. "Ni ngumu, Babu."

"Ndiyo. Mama yako ataitia yale maziwa yake."

"Siyo maziwa," mtoto akasema. "Ni polima."

Yule mzee akacheka mpaka akakohoa, na baba yako akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau sauti yake.

Jumamosi, tarehe 22

Jua bado. Sasa nalaani jua kwa sababu mbili. Nahitaji maji safi na pampu inatoa tope. Nimeweka mabeseni yote chini ya bati, na sufuria, na ndoo, na karai la baba yako la kulowekea soli. Paka amelala ndani ya moja. Mawingu yanapita tu, yanatutazama na kwenda zake.

Jumatatu, tarehe 24

Imenyesha! Mchana wote! Nimetoka nje na kitenge kichwani nikicheza kama mwendawazimu, jirani akamwita mumewe aje aone. Mabeseni yamejaa maji ya angani, hayana tope wala ukali. Nimeyafunika kwa shuka.

Alhamisi, tarehe 27

Tumefanya leo. Nakuandikia kila kitu ili kama nimekosea ujue nilikosea wapi.

Tuliyabeba maji kichwani mpaka kiwandani, mimi na wale vijana walionicheka, bila mtu kuwaomba. Tuliiosha ngozi. Tukatia magadi, tukazungusha, tukapima. Kikaratasi kikatoka na rangi ya chungwa, maana yake ukali bado upo. Mzee Pipa akasema inatosha. Nikasema hapana. Tukatia magadi tena, tukazungusha. Tukaikata ngozi pembeni kidogo tuone ndani, kama ulivyoandika, tukagusisha kikaratasi kwenye ule mkato. Kikawa kijani, ukali umeisha. Nilikishika juu kwenye mwanga, kila mtu akakitazama kama noti ya bandia.

Maji ya zamani tukayahamishia kwenye matangi, hayakwenda mtaroni. Tukatia ya mvua, tumeyapasha vuguvugu. Ndipo nikamimina kilichobaki dumuni. Nikamimina mpaka tone la mwisho, nikalisuuza dumu nikamimina na maji ya kusuuzia. Mlango ukafungwa.

Mzee Pipa aliweka sikio kwenye ubao wa pipa. Mimi niliziba yangu. Nilikuwa nasubiri lile donge lipige. Nilikuwa nimeshika nguzo nasema maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Pipa likazunguka, likazunguka. Akaniita kwa kidole.

"Sikiliza, shemeji."

Nilisikia maji tu. Maji yanaanguka juu ya kitu laini.

Tulipofungua, yale maziwa hayakuwepo. Maji yalikuwa yamekuwa angavu kiasi kwamba nilidhani nimesahau kutia. "Yameenda wapi?" kijana mmoja akauliza. Mzee Pipa akainua ngozi, inaning'inia kama nguo iliyolowa. "Yamehamia humu," akasema, "na vyombo vyao vyote."

Yule mwanamke wa Bondeni mwenye sauti ya tarumbeta alikuwa amesimama getini, analinda mtaro. Tajiri akamwita aone. Akatia mkono kwenye yale maji, akasugua vidole, akanusa. "Haya," akasema kwa shida, "haya yapite." Kisha akaniuliza mtoto wangu anaendeleaje. Kumbe anajua. Kumbe wote wanajua.

Jumapili, tarehe 30

Ngozi ilikauka kivulini. Bibi yako ameivuta juu ya goti lake siku mbili, hataki mtu amsaidie. Leo amenirushia. Niliidaka, ikajikunja mkononi yenyewe kama sikio la mtoto mchanga. "Mikono ilikuwa tayari," akasema.

Baba yako anakata bitana. Amejifungia kibandani, hataki maongezi.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa nne

Kitinda ameuvaa mguu. Muda mfupi tu, kutoka kitandani mpaka mlangoni, baba yako akitembea kinyumenyume mbele yake, mikono wazi. Amefika mlangoni akasema, "Nirudi au niendelee?"

Nimemfungua kuangalia kidonda. Hakijaongezeka. Tunamnyoosha goti asubuhi na jioni, analia, tunaendelea.

Alhamisi, tarehe 3

Daraja limesimama. Nimesikia honi upande wa pili. Mvua haipo.

Jumapili, tarehe 6

Daktari amefika. Alimkunja mdogo wako goti, akalinyoosha, akalikunja. Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi yako, au yeye ndiye aliyeshika wangu. Akasema, "Goti limerudi kidogo. Kidonda kimepungua."

Lakini akaingiza mkono ndani ya mguu wa bandia, akaipapasa bitana, akasema imelainika vizuri, kisha akanusa vidole vyake. Uso ukabadilika. "Mama, hii imekunywa jasho na usaha wa siku zote hizi. Ioshwe kwa sabuni, kila siku. Naenda vijiji vya juu, nitarudi hapa hapa baada ya wiki. Nikikuta ngozi chafu, kidonda kitakuwa kimerudi, na sitasubiri tena."

Alipoondoka nyumba ikagawanyika. Mzee Pipa amekuja mbio. "Usioshe, shemeji! Ngozi ukiipiga sabuni umeimaliza, itakuwa kigae. Sijawahi kuona iliyopona." Baba yako anasema ngozi nyingine hatuna. Dumu ni tupu, nimelikata katikati nikalikwangua. Nilichukua kile kipande cha ngozi kilichobaki, cha tumboni mwa mbuzi, nikakiosha na kukianika: upande mmoja laini, upande mmoja mgumu. Mzee Pipa anasema tumbo halikushika dawa sawa, lisitumike kupimia ngozi ya mgongo tuliyokatia bitana. Sasa nimwamini nani? Karatasi yako nimeisoma mbele na nyuma. Haikusema sabuni. Umesema shanga hazitoki kwa jasho. Hukusema sabuni, mwanangu.

Jumatatu, tarehe 7

Lori linapakia ngozi kiwandani, dereva amesema akimaliza anapita hapa kuchukua daftari.

Asubuhi tulikuwa wote tumeukodolea macho ule mguu juu ya meza, hakuna anayeugusa. Bitana inanuka. Kidonda cha mdogo wako leo kimekuwa chekundu pembeni. Baba yako anasema tungoje jibu lako.

Kitinda akasema, "Dada alisema zile shanga zinakaa humo?"

Nikasema ndiyo.

"Alisema kabisa? Siyo labda?"

"Alisema kabisa."

"Basi si zinakaa? Kama zinakaa, zinakaa."

Nikaibandua bitana. Nimeiosha kwa sabuni ya kipande na maji ya mvua yaliyobaki, nikaisuuza mpaka maji yakatoka safi. Sikuona mafuta, sikuona weupe, sikuona kitu chochote kikitoka. Nimeianika kivulini kwenye kamba ya uani. Bibi yako amekivuta kigoda amekaa chini yake, analinda kama mtu ataiiba. Mzee Pipa amesimama amegeukia ukuta.

Bado imelowa. Ikiwa imelowa ngozi yoyote ni laini, hiyo siyo habari. Nimeibana mara ngapi sijui. Ukingo wa juu umeanza kukauka na nimeogopa kuubana.

Honi hiyo. Dereva yuko njiani, hawezi kungoja ngozi ikauke, nimemwomba amekataa, ana haki.

Mwanangu, nijibu haraka. Usingoje kumaliza mtihani, usingoje karatasi nzuri. Mnara bado umelala, mpe dereva huyu huyu, anageuza kesho kutwa. Niambie sabuni inafaa au nimemkata mtoto goti kwa mkono wangu. Na kama kuna dumu jingine, hata la chini kabisa, hata lililobaki kwenye chupa ya kujaribia, mpe pia. Kama nimekosea niambie hivyo hivyo, usinipambie. Kama nimepatia niambie kwa herufi kubwa, nazisoma sasa.

Kitinda amechukua kalamu anasema anaongeza neno lake.

DADA IMEKAUKA KIDOGO JUU. NIMEIBANA MIMI, IMEJIKUNJA. MAMA HATAKI KUJA KUANGALIA. LETA RANGI.